Msiri wa Bunkeya: mwami aliyeponzwa na shaba

Tarehe 20 Desemba ni siku ya kumbukumbu kwa Bayeke wa Bunkeya, katika wilaya ya Lubudi, jimbo la Lualaba. Siku hiyo, mwaka 1891, Mwami Msiri aliuawa kwa risasi na afisa Mbelgiji aliyekuwa katika msafara wa kuichukua nchi yake kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Zaidi ya miaka 130 imepita, na jina lake bado linatajwa kila mara watu wa Kolwezi, Likasi au Lubumbashi wanapobishana kuhusu nani hasa mwenye shaba ya Katanga.

Kwa wengine, Msiri ni shujaa aliyekataa kutia sahihi. Kwa wengine, hasa Basanga ambao mababu zao walikuwa wenyeji kabla yake, ni mgeni aliyeingia kwa biashara na kutawala kwa bunduki. Kila upande una ushahidi wake, na maisha ya mtu huyu hayaeleweki mpaka pande zote mbili zisikilizwe.

Mtoto wa mfanyabiashara

Msiri alizaliwa karibu mwaka 1830 magharibi ya Tabora, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa Msumbwa, watu wa karibu na Wanyamwezi, na alikuwa mfanyabiashara wa misafara. Wakati ule Wanyamwezi na Wasumbwa walijulikana kote Afrika ya mashariki kwa kutembea mbali. Walibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na nguo, shanga, bunduki na baruti.

Kalasa alikwenda Katanga kutafuta shaba. Alipita Tanganyika na Luapula, akafanya urafiki na machifu wa huko, kisha akarudi kwao na mzigo. Mtoto aliijua njia hiyo akiwa bado kijana. Katika miaka ya 1850 Ngelengwa mwenyewe aliingia Katanga na kundi dogo la watu wenye bunduki. Wenzake waliitwa Bayeke, jina walilopewa wawindaji wa tembo, na hilo ndilo lililobaki kuwa jina la watu wake wote.

Shaba ilikuwapo kabla yake

Msiri hakuigundua shaba ya Katanga. Katika makaburi ya kale kando ya ziwa Kisale, watafiti walifukua misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu karne nyingi kabla ya Bayeke kufika. Kazi ya kuyeyusha madini ilikuwa ya mafundi wa Kisanga, Kilamba na makabila mengine ya eneo hilo.

Kazi yenyewe ilifanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, mvua zikiwa zimekatika. Wanaume, wanawake na watoto walikwenda kwenye vilima visivyoota miti, wakaokota na kuchimba mawe ya kijani. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likajazwa makaa ya miti migumu, na moto ukapulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu zilizochorwa chini, ikatoka na umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha, kulipa mahari, kulipa kodi na kununua chumvi.

Fundi mkuu wa tanuru alikuwa mtu wa heshima. Siri ya kazi haikutolewa bure: aliyetaka kujifunza alilipa na kupitishwa katika mila za chama cha mafundi. Askofu Mbelgiji Jean-Félix de Hemptinne aliwaandikia kitabu mwaka 1926, akawaita walaji wa shaba, kwa maana ya watu walioishi kwa mapato yake.

Kwa hiyo Msiri alipofika alikuta nchi yenye mali, mafundi na soko. Walichokosa machifu wa hapo ni bunduki. Yeye alikuwa nazo.

Kutoka mgeni hadi mwami

Mwanzoni aliishi kwa ruhusa ya machifu wenyeji, akiwemo Katanga, chifu wa Balamba ambaye jina lake lilikuja kuwa jina la nchi nzima. Alisaidia upande mmoja katika vita, akalipwa ardhi na watu, kisha akasaidia upande mwingine. Aliwazuia Baluba waliokuja kushambulia kutoka kaskazini. Baada ya kila ushindi, rafiki wa jana alijikuta ni mtu wa chini yake leo.

Zamani sehemu kubwa ya kodi ya Katanga ilikwenda mashariki kwa Mwata Kazembe wa Luapula. Msiri aliikata njia hiyo. Shaba ya vilima vya Katanga, chumvi ya Mwashya na pembe za ndovu za mabonde vilianza kupitia mikononi mwake. Baada ya miaka thelathini hivi, alikuwa anatawala nchi kubwa kati ya Luapula na Lualaba. Watu waliiita Garenganze.

Wanahistoria wanakubali kwamba Bayeke walileta pia maarifa. Walijua kuvuta shaba iwe waya mwembamba wa kutengenezea bangili, ufundi waliotoka nao Usumbwa. Bangili hizo ziliuzwa mbali, na kazi hiyo iliongeza thamani ya shaba kabla haijatoka nchini, jambo ambalo serikali za Kinshasa zimekuwa zikilipigania hadi leo bila kufanikiwa sana.

Bunkeya, soko la bara

Karibu mwaka 1880 Msiri alijenga makao yake Bunkeya, katika uwanda ulio mashariki ya Kolwezi na kaskazini ya Likasi. Mji ulikua haraka. Wageni waliofika miaka ile waliandika kuhusu vijiji vilivyosambaa kilomita nyingi na misafara iliyoingia kutoka pande zote mbili za Afrika.

Kutoka mashariki walikuja Waarabu na Waswahili wa Tabora na Zanzibar. Kutoka magharibi walikuja Waovimbundu wa Bihé, waliouza bidhaa za Wareno wa Benguela, pwani ya Angola. Msiri alitumia pande zote mbili kwa hesabu. Mashariki ikipandisha bei ya baruti, alinunua magharibi. Hakuruhusu kundi lolote la wafanyabiashara lijifanye mwenye mji.

Ndoa nazo zilikuwa sehemu ya utawala. Alikuwa na mamia ya wake, wengi wao mabinti wa machifu aliowashinda au aliofanya nao mapatano. Kila mke alikuwa uzi wa kumfunga chifu fulani kwa Bunkeya, na habari za mikoa zilimfikia mwami kupitia nyumba zao. Maarufu kati yao ni Maria de Fonseca, mwanamke wa damu ya Kiafrika na Kireno, ambaye ukoo wake ulimuunganisha na wafanyabiashara wa Angola.

Upande wa machozi

Mali ya Bunkeya haikutokana na shaba peke yake. Misafara ya kwenda Benguela iliondoka na pembe za ndovu, ikaondoka pia na watu waliofungwa. Mateka wa vita, watoto wa vijiji vilivyochelewa kulipa kodi, wanawake waliokosa mtetezi, wote waliuzwa kwa bunduki na baruti. Bunduki hizo zilitumika kuteka watu wengine.

Adhabu za mwami zilikuwa kali. Wageni waliofika Bunkeya waliandika kwamba waliona mafuvu ya watu juu ya miti ya uzio wake. Ni kweli kwamba Wazungu wa wakati ule walipenda kuwachora wafalme wa Afrika kama wanyama, ili uvamizi uonekane kuwa ukombozi. Lakini malalamiko hayakuandikwa na Wazungu peke yao. Wajukuu wa Basanga wameyapokea kutoka kwa wazee wao, na historia yenyewe inaonyesha kwamba kufikia mwaka 1891 Basanga walikuwa wamekwisha kuasi. Walichoma vijiji, wakafunga njia za misafara, wakawavizia watu wa mwami hata karibu na mji.

Hivyo Msiri alipokutana na wajumbe wa Ulaya alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwenye vita ndani ya nyumba na baruti inayopungua ghalani.

Wazungu wabisha hodi

Mmisionari Mskoti Frederick Stanley Arnot ndiye Mzungu wa kwanza aliyekaa Bunkeya kwa muda mrefu. Alifika Februari 1886 akitokea Benguela, akapokelewa vizuri. Msiri alimpa mahali pa kujenga. Hakubadili dini, lakini aliona faida ya kuwa na mtu anayesoma barua. Wamisionari wengine walifuata, miongoni mwao Charles Swan na Dan Crawford.

Mwaka mmoja kabla ya Arnot kufika, mkutano wa Berlin ulikuwa umemalizika. Kwenye ramani, Katanga iliwekwa ndani ya Dola Huru ya Kongo, mali ya Leopold II. Lakini ramani bila mtu wa kuikalia nchi ilikuwa dhaifu, na Cecil Rhodes, akitokea kusini na kampuni yake, aliitaka pia shaba hiyo. Mashindano yakaanza: nani atapata alama ya Msiri kwenye karatasi.

Novemba 1890 alifika Alfred Sharpe, mjumbe wa upande wa Uingereza, na hati mkononi. Msiri alipoelezwa maana ya yaliyoandikwa ndani yake, alikataa. Sharpe aliondoka mikono mitupu. Aprili 1891 alifika Paul Le Marinel kwa niaba ya Leopold. Yeye alipata ruhusa ya kuacha kituo kidogo Lofoi, nje ya mji, lakini mwami hakuikubali bendera. Oktoba mwaka huo alifika Alexandre Delcommune, naye akajibiwa vivyo hivyo.

Msiri hakuwakataa Wazungu kama wafanyabiashara. Alitaka nguo zao, bunduki zao na hasa baruti yao. Alichokataa ni bendera, kwa sababu alielewa kazi yake. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kama mgeni mwenye zawadi katika nchi ya machifu wengine, na alijua safari kama hiyo huishia wapi.

Msafara wa Stairs

Leopold hakutaka kusubiri tena. Kampuni ya Katanga, iliyoundwa Aprili 1891, ilimwajiri Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Halifax nchini Canada, aliyewahi kusafiri na Stanley. Stairs alianzia pwani ya mashariki katikati ya mwaka na mamia ya watu, wengi wao wapagazi na askari waliochukuliwa Zanzibar. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya msafara huo. Wazungu walikuwa wachache: Kapteni Mbelgiji Omer Bodson, Mfaransa Christian de Bonchamps, daktari Joseph Moloney na Mwingereza mmoja aitwaye Robinson.

Waliingia Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Mvua zilikuwa zimeanza, na nchi ilikuwa na njaa iliyoletwa na vita na mavuno mabaya. Mazungumzo yalikwama haraka. Stairs alitaka bendera ikubaliwe kwanza. Msiri alitaka baruti kwanza. Tarehe 19 Desemba, Stairs aliacha kuomba. Alipandisha bendera ya Leopold juu ya kilima bila idhini ya mwenye nchi. Usiku huo Msiri aliuhama mji mkuu, akaenda katika kijiji cha Munema, kisicho mbali, kilichozungushiwa uzio wa miti.

Siku iliyofuata Stairs aliwatuma Bodson na Bonchamps na kikosi cha askari wamlete mwami. Bonchamps alibaki nje. Bodson aliingia ndani na watu wachache. Kilichotokea baadaye kinasimuliwa kwa namna tofauti. Wenzake Bodson waliandika kwamba Msiri aliinuka kwa hasira na kushika upanga, naye Bodson akajihami. Bayeke wanasimulia habari ya mtu aliyefuatwa nyumbani kwake na kuuawa mbele ya watu wake. Yasiyo na ubishi ni haya: Bodson alimpiga Msiri risasi akamuua papo hapo, na mmoja wa watu wa mwami akampiga Bodson, ambaye alikufa siku hiyo hiyo.

Bonchamps aliandika baadaye kwamba msafara ulikikata kichwa cha Msiri na kukisimamisha juu ya mti, watu wote wakione. Mwili ulirudishwa kwa ndugu zake. Juu ya kichwa masimulizi ni mengi, na Bayeke bado wanakiulizia.

Baada ya kifo

Ufalme ulivunjika kwa siku chache. Mukanda-Bantu, mtoto wa Msiri, alitambuliwa na Stairs kuwa mrithi baada ya kukubali bendera, lakini nchi aliyopewa ilikuwa ndogo sana. Machifu wa Basanga walirudishiwa utawala wao. Bunkeya ilikimbiwa na watu. Baadaye Mukanda-Bantu na Bayeke wake walihamia karibu na kituo cha Lofoi, wakapigana upande wa Dola dhidi ya Basanga. Watu wa mwami aliyeuawa wakawa askari wa bendera iliyomuua, na hilo ni jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka.

Msafara wa Stairs nao uliteketea. Njaa na magonjwa viliwaua wengi Bunkeya na njiani, na wapagazi wengi hawakuiona tena Zanzibar. Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria huko Chinde, pwani ya Msumbiji, Juni 1892, kabla hajapanda meli ya kurudi.

Mwaka huo huo ulipita msafara mwingine wa Wabelgiji, ukiwa na mwanajiolojia Jules Cornet. Yeye alipima mawe na kuandika ripoti iliyoonyesha utajiri wa ajabu chini ya ardhi. Mwaka 1906 iliundwa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ya kiwanda ilimiminwa. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi. Matanuru ya udongo wa kichuguu yalizimwa, na wana wa mafundi wakaandikwa kuwa vibarua.

Mwaka 1967 migodi ilitaifishwa ikawa Gécamines. Kwa wazee wengi wa Kolwezi, kampuni hiyo ilikuwa shule, hospitali, unga wa mwezi na pensheni. Ilipoanguka, watu walirudi kuchimba kwa mikono, kama mababu zao, isipokuwa sasa wanatafuta pia kobalti, na bei yake inapangwa mbali sana na Lualaba.

Jina lililobaki

Ukoo wa Msiri haukuondoka katika siasa. Katanga ilipojitangazia uhuru wake Julai 1960, waziri wa mambo ya ndani wa Moïse Tshombe alikuwa Godefroid Munongo, mzaliwa wa Bunkeya na mtoto wa ukoo huo. Jina lake limebaki limefungamana na kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga Januari 1961. Baadaye Munongo alikuwa Mwami wa Bayeke, na alifariki Kinshasa Mei 1992, wakati wa Mkutano Mkuu wa Kitaifa. Bendera ya Katanga ya mwaka 1960 ilikuwa na misalaba mitatu, mfano wa ile iliyotoka katika matanuru ya kale.

Kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 jimbo lenyewe liliitwa Shaba. Tangu mwaka 2015 Bunkeya na Kolwezi ziko ndani ya jimbo jipya la Lualaba, na Kolwezi ndiyo makao makuu. Bayeke na Basanga wanaishi jirani, wanaoana, wanasali pamoja, na bado hawajakubaliana kuhusu Msiri.

Huenda hawatakubaliana. Aliyeuza watoto wa wenzake na aliyekataa kuiuza nchi kwa karatasi ni mtu mmoja. Basanga walioasi mwaka 1891 walikuwa na sababu zao, na nchi waliyoipigania ilichukuliwa na mtu wa tatu kabla vita yao na mwami haijaisha. Hati ya Sharpe haikupata alama ya Msiri, na bendera ya Leopold haikupata ruhusa yake. Mikataba yote ya shaba ya Katanga iliyoandikwa tangu siku hiyo ilianza na nchi ambayo mwenyewe alikuwa hajaitoa, wala wale aliowatawala hawakuulizwa.